Kabla ya Tuta, Jenga Uzio

Ndugu zangu, mada niliyopewa ni ndefu: changamoto za kumiliki na kuendesha uwanja wa mbio za pikipiki hapa Uganda. Naanza na uzio, na wanaonijua wanajua hapo ndipo nitakapokaa.

Kila anayetaka kujenga uwanja huniuliza habari za greda, matuta ya kurukia na urefu wa njia. Haulizi watu watasimama wapi. Watasimama upande wa nje wa kona, maana ndiko kunakoonekana vizuri! Haya, pigeni hesabu. Pikipiki inayokwenda kilomita 72 kwa saa inakata mita 20 kila sekunde. Ikiteleza haipindi tena na kona, inanyooka moja kwa moja hadi kwa yule mama aliyempakata mwanawe. Nanyi mmemkinga kwa utepe wa plastiki! Nimeona watoto wakiuinua utepe huo kwa kidole, wakapita chini yake kuokota chupa njiani, na pikipiki zimeshachomoza kwenye tuta.

Mtu ataniambia, "Mzee, uzio ni ghali, na watu wetu hawasikii." Watasikiaje na hamjawapa pa kusimama? Udongo aliouchimba greda mnao tayari. Ulundikeni mbali na njia, uwe kilima, mtazamaji apande aone kona zote. Nani atateremka hapo kuja kukanyaga njia? Halafu mbele ya kilima ndipo uje uzio wa nguzo na waya.

Na gharama mnaijua? Mwaka 1955 kule Le Mans, Ufaransa, gari moja lilirukia watazamaji, wakafa zaidi ya 80. Uswisi, nchi jirani tu, ikapiga marufuku mbio za magari za viwanjani kwa miongo kadhaa. Mmoja wetu akiua watu hapa, atatufungia sote.

Ambulensi ziwe mbili. Ikiwa ni moja na imemkimbiza majeruhi hospitali, mbio zinasimama mpaka irudi, na foleni za Kampala mnazijua. Watu wataanza kudai viingilio vyao.

Ardhi nipite haraka. Ukinunua ardhi ya mailo, ile ya Buganda yenye hati ya kudumu, bila kuzungumza na wenye vibanja, yaani wanaoishi na kulima juu yake bila hati, umenunua kesi. Sheria ya Ardhi ya 1998 inawalinda, na hati yako haiwaondoi. Kaeni nao, muandikishane, mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, awepo.

Vumbi nalo. Boza la maji lipite asubuhi, lipite tena kati ya kundi na kundi. Msingoje majirani walalamike. Vumbi likitanda, mpanda pikipiki wa nyuma haioni bendera ya njano inayoonya kuna hatari mbele, na ataparamia mwenzake aliyeanguka.

Muda umekwisha, bima sijaigusa. Wenye mikataba ya bima, njooni nayo pale nje tuisome pamoja, hasa kifungu cha watazamaji.