Kutengeneza chembe nano za fedha kwa majani ya mwarobaini

Karibuni maabara. Leo tunatengeneza chembe nano, yaani chembe ndogo mno zinazopimwa kwa sehemu za bilioni za mita, za madini ya fedha kwa majani ya mwarobaini, njia ambayo kikundi cha Murali Sastry kule Pune, India, kiliichapisha mwaka 2004. Uzuri wake ni kwamba majani yanafanya kazi mbili: yanazipa ioni za fedha (fedha iliyoyeyuka majini, yenye chaji) elektroni, kisha yanazivika chembe koti ili zisigandane.

Vaa glavu na miwani. Nitrati ya fedha, chumvi tunayopatia fedha yetu, ikigusa ngozi inaacha doa jeusi, na jichoni ni hatari kabisa.

Majani mabichi gramu 20. Osha, suuza kwa maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa mvuke), katakata, weka kwenye maji hayo hayo mililita 100, chemsha dakika 5, acha ipoe, chuja. Mchuzi ukiwa bado na ukungu, chuja tena. Utumie leo leo.

Sasa tulieni hapa: maji! Usitumie ya bomba. Yana kloridi, na kloridi ikikutana na fedha unapata weupe kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Hiyo ni kloridi ya fedha, siyo chembe tunazozitaka. Hata maji ya betri ya dukani yajaribu kwanza kwa tone moja la nitrati, yakichafuka, yaache. Na bika (glasi ya maabara) uliyoosha kwa maji ya bomba isuuze upya. Nasema tena, isuuze.

Pima nitrati gramu 0.17, yeyusha kwenye mililita 10. Chukua mililita 1 ya hiyo, jazia maji mpaka 100. Hapo una milimola 1 kwa lita. Zungushia foili, mwanga unaiharibu.

Chukua mililita 45 za nitrati, tia mchuzi mililita 5 tone kwa tone huku unakoroga. Mimi napenda kupasha mpaka nyuzi 60, mambo yanakwenda haraka. Angalieni rangi... subirini, taa inaakisi kwenye kioo. Naweka karatasi nyeupe nyuma. Haya, sasa mnaiona: njano, inaelekea kahawia. Inapendeza sana!

Ila kahawia peke yake si ushahidi, maana mchuzi nao hukolea rangi ukipigwa na hewa. Weka mirija miwili pembeni: mmoja nitrati na maji, mwingine mchuzi na maji. Huo wa pili ndio wa kusawazishia spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na kimiminika. Pima kwa mawimbi ya mwanga ya nanomita 300 hadi 700. Kilele cha ufyonzaji kinatakiwa kati ya 400 na 450. Kikisogea mbele na kutanuka, chembe ni kubwa au zimegandana. Usomaji ukizidi 1, zimua kwanza.

Kusafisha: sentrifuji (mashine inayozungusha kwa kasi ili chembe zizame chini) mizunguko 12,000 kwa dakika, dakika 15, mwaga maji ya juu kwenye chupa ya taka, ongeza maji safi, rudia.

Matumizi? Zijaribu kwenye sahani za bakteria, au kwenye maji yenye zebaki: rangi ya njano hufifia. Kuzinywa, hapana. Fedha ikijaa mwilini ngozi hugeuka kijivu cha bluu na hairudi.

Mabaki yasiende kwenye sinki, yanaua viumbe wa majini. Chupa ya taka, lebo "fedha", na amonia isiikaribie: mchanganyiko huo ukikaa unaweza kulipuka kwa kuguswa tu.