Daftari la Deni na Bendera ya Wali: Maisha ya Tippu Tip

Mabibi na mabwana, karibuni. Watu wakimtaja Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa wa karne ya 19, huanza na bunduki. Mimi naomba tuanze na daftari la deni, kwani siasa zake zote, tangu utemi wa Utetera hadi uwali wa Stanley Falls, zote mbili katika Kongo ya leo, zimetoka humo.

Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, na alizaliwa Unguja mnamo 1837. Akiwa na miaka 12 alikuwa tayari anachuuza sandarusi, utomvu mgumu wa miti, na kwenye miaka 18 akafuatana na baba yake hadi Tabora. Baba huyo alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, nchi ya Tabora. Msiipite ndoa hiyo haraka. Mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa mkwe wa mtemi alipata pa kuweka mali, alipata wapagazi wa Kinyamwezi, na hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi za watemi, ilizungumzika.

Sasa safari yenyewe ilikuwaje? Mwenye msafara hakuwa na fedha. Alikwenda kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, na kwa Hamed aliyekuja kuwa mkubwa wao ni Taria Topan, akachukua merikani (kitambaa cheupe cha pamba), kaniki (kitambaa cheusi), ushanga, masango (nyaya za madini), bunduki na baruti, vyote kwa mkopo. Bei iliandikwa juu kuliko ya dukani, kwa kuwa faida ya tajiri imo ndani yake, na malipo yalikuwa pembe za ndovu. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, na frasila moja ni karibu kilo 16. Pembe kubwa ilikaa begani peke yake, ncha ikitangulia na kengele imefungwa nchani, na huko nyuma mpagazi akafungia mkeka na chungu chake. Iliyomshinda mtu mmoja ilichukuliwa mzegamzega, ikining'inia kwenye mti, na watu wawili.

Hesabu hii iliharibika kwa njia nyingi. Wapagazi wakitoroka, mizigo hulala. Mizigo ikilala, kitambaa huliwa, maana chakula cha kila siku hununuliwa kwa kitambaa hicho hicho. Ndui ikiingia, msafara husimama. Muda wote huo deni liko palepale Unguja. Kwa hiyo mkopaji alisukumwa aende mbali zaidi, mahali ambapo pembe bado ni rahisi.

Mwaka 1867 Hamed alimshinda mtemi Nsama wa Itabwa, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika. Mwenyewe ameandika, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwamba alitwaa frasila 1,950 za pembe na 700 za shaba. Tupigeni hesabu: frasila 2,650, mbili kwa kila mtu, zataka wapagazi 1,325. Hapo mtaona kwa nini ushindi huo ulimtengenezea jina Unguja: pembe zote hizo hazikununuliwa kwa doti, yaani kipande, hata moja ya merikani.

Lililofuata ni la kisiasa hasa. Katika safari iliyoanza mnamo 1870 na kumrudisha Unguja 1882, alifika Utetera kwa mtemi mzee Kasongo Rushie. Akadai kwamba bibi yake mzaa mama alitoka katika ukoo huo na alitekwa zamani. Mzee akakubali, akamwachia utemi. Kuanzia hapo pembe zilimjia kama haki ya mtawala. Kodi haina gharama ya kitambaa, na kwa mtu mwenye deni hakuna biashara iliyo bora kuliko hiyo.

Lakini tusiifiche gharama, kwa kuwa ililipwa na watu wengine. Katika nchi ya Manyema, mashariki ya Kongo, vijiji vilichomwa, watu wakatekwa, na wengi walikombolewa na jamaa zao kwa pembe. Asiyekombolewa alibaki mtumwa: shambani katika mji wa Kasongo, mpagazi katika msafara, au hata askari wa kuteka wengine. Kila anayetaja utajiri wa Tippu Tip na ataje na hilo.

Mwaka 1886 Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, alimweleza wazi kwamba Wazungu wanamnyang'anya hata pwani, basi bara hawezi kumlindia. Februari 1887, mjini Unguja, msafiri Henry Stanley akamletea mkataba wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji: awe wali wa Stanley Falls, mshahara pauni 30 kwa mwezi, apandishe bendera ya Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Leopold, na kuzuia biashara ya watumwa upande wa chini wa mto. Biashara ya halali aliachiwa. Pauni 30 hazikuwa kitu kwake. Alichonunua ni muda.

Mkataba wa pili ulikuwa wa wapagazi 600 kwa safari ya Stanley ya kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Misri aliyezingirwa kusini mwa Sudan, na baruti ilipaswa kutoka kwa Stanley. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Baruti haikuja kama ilivyoahidiwa, na Wamanyema waliotakiwa kuwa wapagazi hawakuwa watumishi wa kuamrishwa tu. Kikosi ambacho Stanley alikiacha nyuma kiliozea Yambuya, kambi ya kando ya mto Aruwimi, karibu mwaka mzima. Kilipoondoka Juni 1888 kilipata watu kama 400, na mwezi uliofuata mkuu wake, Barttelot, alipigwa risasi akafa. Stanley akamtupia Tippu Tip lawama, akamshitaki Unguja, na mali iliyokuwa kwa wakala wake ikazuiwa.

Kwa maoni yangu uwali huo ulikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza: alipewa bendera bila askari wa kutosha, akatakiwa kuwazuia washirika wake wasifanye kile kile kilichowafanya wamfuate. Aliondoka Kongo 1890, akafika Unguja 1891. Nyuma yake maofisa wa Dola walizikamata pembe za Waarabu, wafanyabiashara wenzake, na 1892 vita vikalipuka. Miji yao ikaanguka: Nyangwe Machi 1893, Kasongo Aprili. Mwanawe Sefu aliuawa mwaka huo huo.

Baba mtu hakurudi tena bara. Rumaliza wa Ujiji, mshirika wake wa zamani, alimshitaki kwa Wajerumani akidai haki yake ya ushirika, na mzee akabaki Unguja na mashamba yake na hati za kesi hadi alipofariki kwa homa, Juni 1905.