Ndoo Ishike Foleni, Mtu Akae

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mbele ya wanafunzi wa utalii na usafirishaji, watumishi wa kiwanja cha ndege na wasafiri)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliobanana huko nyuma wakati viti vya mbele vitupu, asanteni kwa kuja. Jambo nililokuja nalo si geni. Nimelisema vikaoni, nimeliandikia barua, na nitalisema mpaka litendeke. Abiria anayesimama getini dakika arobaini kabla ya kuitwa hajakosa malezi. Ana hofu, na hofu hiyo tumempa sisi tunaomhudumia.

Naanza na bomba. Waliokulia hapa mjini kabla maji hayajaingia majumbani wananielewa. Maji yalikuwa yanafunguliwa alfajiri, lakini ndoo zilipangwa tangu usiku. Ndoo nyekundu ya fulani, nyuma yake dumu la njano lililofungwa kipande cha khanga kwenye mkono wake ili lisichanganywe na la jirani, nyuma ya dumu sufuria, nyuma ya sufuria jiwe. Ndiyo, jiwe! Mwenye jiwe ndoo yake ilikuwa bado na kazi nyumbani, na jiwe lake liliheshimiwa kama ndoo kamili. Wenyewe wako wapi? Wamekaa chini ya mkorosho. Mmoja anasukwa, mwingine ananyonyesha, wa tatu anasimulia ugomvi wa juzi. Maji yakianza kutoka, ndoo ya kwanza inajaa, dumu linasogezwa, na mwenye jiwe anaitwa, "Mama fulani, jiwe lako hilo limefika!" Anakuja taratibu na ndoo yake. Hakuna aliyesukumwa. Na aliyethubutu kuruka ndoo ya mwenzake mtaa mzima ulimjua kwa jina mpaka jioni.

Sasa mchukue mama yule yule, mpe tiketi ya ndege, mpeleke chumba cha kusubiria. Benchi zipo, feni inazunguka. Lakini ndege ikishaonekana tu kwenye dirisha, mama amesimama. Ameukumbatia mkoba, uso kwenye mlango wa kioo, kifua kwenye mgongo wa mtu aliyemtangulia. Ni mtu yule yule, jamani! Adabu ya foleni anayo tangu utoto. Kule bombani alikaa kwa sababu nafasi yake ilikuwa inashikwa na kitu. Hapa getini hakuna kinachomshikia nafasi, kwa hiyo anaishika kwa miguu yake mwenyewe.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Lakini bodingi pasi ina namba ya siti, si ndiyo ndoo yake hiyo?" Nimeulizwa swali hili mara nyingi. Namba ya siti inakushikia siti. Haikushikii nafasi ya begi kwenye kabati la juu, na haikuhakikishii kwamba utaisikia zamu yako ukiitwa. Msafiri anaogopa mambo hayo mawili. Siti hailiwi na mtu, kabati linaliwa.

Na kuna wanaosafiri mara ya kwanza, hawa hata hiyo siti hawaiamini. Mei 2024, barabara yetu ya Dar es Salaam ilipokatika kwa mvua na Kimbunga Hidaya, niliwaona getini watu wengi ambao maisha yao yote walikuwa wa basi. Walisimama kama watu wa kugombania daladala, maana usafiri wa kugombania ndio waliouzoea. Ungewaambia mapema kwamba hakuna atakayekalia siti yako, nusu yao wangekaa.

Kuna bibi mmoja, nimemsimulia sana, nitamsimulia tena. Tulikuwa safari moja kwenda Dar. Sitaji shirika wala kiwanja, haisaidii. Bibi anatoka huko juu Makondeni, anakwenda kumwona mwanawe aliyelazwa. Miguu imevimba, kandambili zimembana mpaka zimeacha alama. Mkononi mfuko wa korosho za kubangua, umefungwa mara mbili kwa kamba ya katani. Amesimama nguzoni peke yake. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, njoo ukae, bado hatujaitwa." Akaniangalia, akasema, "Marahaba mjukuu wangu. Nikikaa nitaachwa."

Nikamuuliza nani amemwambia ataachwa. Akasema tangazo limepita mara mbili na hajaelewa. Ukweli ni kwamba hata mimi sikuelewa. Kipaza sauti kilikuwa kinakoroma, Kiingereza kimetangulia, Kiswahili kikafuata mbiombio, na katikati ya yote mtu anasogeza kiti cha chuma sakafuni. Bibi alifanya hesabu sahihi kabisa. Kama huwezi kuisikia zamu yako, kaa mahali ambapo zamu ikipita itakugusa bega. Alichukua nguzo iliyo karibu na mlango. Angekuwa mjinga angekaa.

Basi geti likafunguliwa. Yule kijana wa zamu alikuwa amefundishwa vizuri, tatizo ni kwamba alifundishwa ndege nyingine. Akatangaza, "Tunaanza na abiria wa viti vya nyuma." Watu wa nyuma wakatoka, tukawafuata. Tunatembea juani mpaka kwenye ndege, ATR 72, ya pangaboi. Wangapi humu wameipanda? Inueni mikono. Wengi. Abiria wa ATR anaingilia mlango gani?

Nyuma! Mlango wa mbele wa ATR ni wa mizigo. Chumba cha mizigo kiko pale nyuma ya marubani, na abiria tunapandia mkiani. Ndiyo maana mnaona ile nguzo wanaiegesha chini ya mkia wakati wa kupakia, ndege isije ikakalia matako. Sasa ukiita wa nyuma kwanza, umewaita wanaokaa mlangoni. Wakaingia, wakasimama kwenye njia wakipanga mabegi yao, na njia ni moja, upana wake mtu na nusu. Mstari wa viti ni wawili huku, wawili kule. Sisi wa mbele tukabaki kwenye ngazi na chini ya ngazi, jua la saa saba, bibi na miguu yake, mfuko wa korosho umempa alama nyekundu kwenye vidole. Tulisimama hapo mpaka mtoto mmoja akaanza kulia kwa kiu. Na kijana wa geti kule kwenye kioo anatuangalia, naapa, anatikisa kichwa kwamba abiria hawa hawana utaratibu.

Utaratibu ulikuwepo. Uligeuzwa kichwa chini miguu juu. Dash 8, pangaboi nyingine, unapandia mbele, ATR unapandia nyuma. Kanuni iliyotoka kwenye ndege moja haihamishwi kwenda nyingine kama kibandiko. Kwa ATR, kama lazima uite kwa mistari, ita wa mbele kwanza. Mtu wa geti, kabla hujashika kipaza sauti, chungulia dirishani uone ngazi imewekwa wapi!

Na hata kwa ndege za mlango wa mbele, hii "nyuma kwanza" ambayo kila mtu anaiona ya akili si ya akili kiasi hicho. Kuna Mmarekani anaitwa Jason Steffen, mtaalamu wa fizikia ya nyota, ambaye mwaka 2008 alichapisha hesabu zake za kompyuta kuhusu upandaji wa ndege. Baadaye wakajaribu kwa watu halisi, abiria 72 na mabegi yao, ndani ya ndege ya kuigizia yenye mistari 12 ya viti sita sita. Walipoingia kwa mpangilio wa kutoka nyuma kuja mbele, walitumia zaidi ya dakika 6. Walipoachwa waingie ovyo ovyo bila kuitwa kwa mistari, chini ya dakika 5. Yaani ovyo ilishinda mpango! Mpango wake mwenyewe ulichukua dakika 3 na sekunde 36. Yeye anaanza na watu wa dirishani, tena anaruka mstari mmoja katikati ya mtu na mtu, ili kila anayeinua begi awe na nafasi ya viwiko.

Sababu yake ni rahisi kwa yeyote aliyewahi kutwanga. Kinu kimoja, wanawake watatu, kila mmoja na mchi wake, wanapokezana na kazi inakwenda. Wabananishe watatu hao upande mmoja wa kinu uone kama hawajavunjana meno. Watu kumi wa mistari ya nyuma ukiwaita pamoja, wote wanataka kuinua mabegi mahali pamoja kwa wakati mmoja. Anayefanya kazi ni mmoja, tisa wanasubiri. Ukiwatawanya, wote kumi wanainua mara moja.

Siwaambii tufuate mpango wa Steffen wenyewe, hapana. Kuita abiria mmoja mmoja kwa namba ya siti, mama na mwanawe mmewatenganisha, mzee na anayemwongoza mmewatenganisha. Hauwezekani. Lakini kuanza na dirisha kunawezekana. Shirika la ndege la United la Marekani waliurudisha mpango huo Oktoba 2023 kwa abiria wa daraja la kawaida, dirisha, kisha kati, kisha njia, na familia zinapanda pamoja. Kwenye ndege zetu ndogo hakuna hata siti ya kati. Ni makundi mawili tu.

Southwest, nao wa Marekani, kwa miaka mingi hawakuwa na namba za siti kabisa. Ungetegemea vita. Mwaka 2007 wakaanza kumpa kila abiria namba yake ya foleni, na nguzo zenye namba pale getini. Ulikuwa wa 34, ulijua nguzo yako, ulikaa ukanywa chai. Hiyo si ndoo? Hilo si jiwe letu la bombani? Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba naleta mambo ya Ulaya. Wao ndio waliofika kwenye bomba letu.

Sasa begi. Hili ndilo kubwa, na nimelichelewesha mno, mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa.

Kabati za juu za ATR ni ndogo. Lile begi la magurudumu linalokubalika kwenye ndege kubwa mara nyingi haliingii humo hata ulipige ngumi. Mashirika mengi yanaruhusu kilo 7 mkononi, lakini tunapima kilo tunasahau umbo. Wakati gani tunamwambia abiria kwamba begi lake halitaingia? Mlangoni, ameshafika juu ya ngazi, watu ishirini wako nyuma yake! Lifungwe lebo kaunta, au getini wakati watu bado wamekaa. Mtu apite kwenye benchi na lebo mkononi, kwa upole, "Mama, hili litakwenda chini, utalipokea Dar, ndani mna dawa au simu? Zitoe kwanza." Begi likishapata lebo, mwenye begi hana tena sababu ya kusimama. Nimeliona hili kwa macho. Unapita na lebo zako, nyuma yako watu wanakaa.

Na msije mkanijibu kwamba dawa ni kutoza pesa. Mwaka 2008 American Airlines walianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza linalokwenda chini, wenzao wakafuata, na watu wakafanya nini? Wakabeba kila kitu mkononi. Msongamano ukahama kutoka kaunta kwenda getini. Huku kwetu, msimu wa minada ya korosho, kila anayeondoka Mtwara ana zawadi ya korosho mkononi, na zawadi hiyo hawezi kuiweka chini ya ndege ikapondwa na masanduku. Mwacheni na korosho zake, mchukulieni lile begi la magurudumu. Hilo halivunjiki.

Nilikuwa na mambo matatu zaidi. Wagonjwa na wenye viti vya magurudumu, hilo lina mhadhara wake, nitarudi. Kutoa watu kumi kumi badala ya kuwamwaga wote uwanjani, hilo ni la usalama kabla halijawa la starehe, maana hapa tunatembea kwa miguu na pangaboi zile hazina huruma. Mstari mmoja uliochorwa chini kwa rangi, mtu mmoja mwanzoni, mmoja kwenye ngazi. La tatu naliacha.

Nimalizie na tangazo, maana halihitaji bajeti, halihitaji mkandarasi, na kijana anayelitoa amekaa pale mstari wa nne. Mwanangu, kesho kabla hujafungua mlango, simama juu ya kitu uonekane. Anza kwa Kiswahili, polepole, kama unamwambia bibi yako. Sema ndege ipi, ina abiria wangapi, mlango uko mbele au nyuma. Sema, "Hakuna atakayeachwa, nitawaita mara mbili na nitapita kwenye benchi." Kisha kweli upite kwenye benchi. Halafu nyamaza uhesabu ni wangapi wamekaa.

Mimi pia nasafiri kesho. Nitakuwa kwenye benchi la dirishani, na mfuko wangu wa korosho mapajani. Nahesabu na wewe.