Spidi ya Waifai Inapotelea Wapi Kabla ya Kufika Kwenye Kishikwambi

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika.

Kishikwambi kikianza kukwama, wengi wetu hukimbilia kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Tafadhali msitoe hela hiyo kabla ya kupima. Intaneti ina vipande viwili vya safari: kutoka kwa mtoa huduma hadi kwenye ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, kisha hewani kutoka ruta hadi mkononi mwako. Ukitibu kipande kisichoumwa, umepoteza pesa.

Kupima ni hivi. Hakikisha hakuna mwingine nyumbani anayepakua kitu. Simama mita mbili kutoka kwenye ruta, pima spidi mara tatu, halafu nenda chumbani unakokitumia upime tena. Tuseme kifurushi ni cha megabiti 20 kwa sekunde: ukipata 18 karibu na ruta na 3 chumbani, mtoa huduma hana kosa. Ukipata 3 kote, na simu nyingine nayo inapata hizohizo karibu na ruta, mpigie. Na kumbukeni, baiti moja ni biti 8, hivyo megabiti 20 ni megabaiti 2.5 tu, kwa hiyo faili la megabaiti 100 litachukua kama sekunde 40. Hilo si tatizo, ndivyo hesabu ilivyo.

Sasa tuje hewani, maana ndiko spidi inakopotea zaidi. Ruta nyingi za sasa hurusha masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Lile la 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, ila limejaa: ruta za majirani, Bluetooth, hata oveni ya maikrowevu. Kishikwambi chenye antena moja, kisicho cha Wi-Fi 6 au kipya zaidi, kwenye 2.4 na upana wa njia wa megahezi 20, kikomo chake cha kinadharia ni megabiti 72, na kwa kweli utapata karibu nusu. Kwenye 5, kwa upana wa megahezi 80, kikomo ni 433. Kwa hiyo ukiwa chumba kimoja na ruta, jiunge na 5. Ukiwa nyuma ya kuta mbili za tofali, 2.4 huenda ikakufaa zaidi. Baadhi ya vishikwambi vya bei nafuu havina 5 kabisa. Angalieni kabla ya kununua.

Ruta yenyewe iwekwe wapi? Katikati ya nyumba, juu, kiasi cha mita moja na nusu kutoka sakafuni. Isiwe nyuma ya televisheni, juu ya friji, wala ndani ya kabati la chuma. Nguzo za zege zenye nondo, tanki la maji na kioo cha kujitazamia huua mawimbi. Antena iliyosimama wima hutawanya mawimbi pembeni. Kwa nyumba ya ghorofa, laza mojawapo ya antena, ili mawimbi yafike juu na chini.

Kisha ingieni kwenye mipangilio ya ruta. Anwani ya kuandika kwenye kivinjari imebandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kwenye 2.4 chagueni chaneli, yaani njia ya hewani, ya 1, 6 au 11, iliyo na majirani wachache, na upana ubaki megahezi 20. Mkiweka 40 kwenye jengo la fleti, mnagongana na kila mtu. Kuna kosa moja lisiloonekana: usalama wa aina ya TKIP, njia ya zamani ya kuficha data, huirudisha waifai kwenye kikomo cha megabiti 54. Kwenye sehemu ya usalama wekeni WPA2 yenye AES, au WPA3 iliyo mpya zaidi kama kishikwambi kinaikubali.

Vile vifaa vya kurudia mawimbi vinavyouzwa madukani, vingi hupokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo hukata spidi karibu nusu. Tena watu huviweka chumba kisicho na mtandao, vikarudia udhaifu uleule! Mahali pake ni katikati ya njia. Dawa bora zaidi ni waya wa mtandao wa aina ya Cat5e hadi chumba cha mbali, na ruta ya pili huko. Waya huo hubeba gigabiti 1 hadi mita 100.

Kwenye kishikwambi chenyewe, zimeni masasisho ya nyuma ya pazia na mvue kava la chuma. Badilisheni jambo moja kwa wakati, mpime tena palepale, ndipo mguse lingine.