Kipimajoto Kabla ya Fimbo: Kuvua Trauti Montana Wakati wa Joto

Ndugu zangu mlioko nyumbani, hamjambo. Wengi mmeniuliza kwa nini tangu Julai ianze ninarekodi video za uvuvi asubuhi tu, nami leo nitawajibu nikiwa hapa hapa mtoni Madison, juu kidogo ya mji wa Ennis, jimboni Montana. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kabla ya kuunga fimbo nimetumbukiza kipimajoto majini, nacho kimesoma nyuzi 15 za Selsiasi, kwa hiyo tunaweza kuvua.

Ninyi wa Nyeri mnamfahamu samaki huyu, trauti, kwa kuwa aliletwa kutoka ng'ambo mwanzoni mwa karne ya 20 akapandwa katika mito ya Mlima Kenya na Nyandarua, na mnajua kwamba huishi kule juu kwenye maji ya baridi. Sababu ni hewa. Maji ya nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, ilhali yakifika nyuzi 25 hubeba nane na kidogo, na wakati huo huo mwili wa samaki aliyepata joto huhitaji oksijeni nyingi zaidi. Sasa mfikirie samaki huyo akivutana na mshipi kwa dakika tano.

Mwaka wangu wa kwanza huku nilimnasa trauti mmoja alasiri ya Agosti, nikamshika nje ya maji ili nimpige picha, kisha nikamwachia nikiamini nimemtendea wema. Alizama kidogo, akapinduka tumbo juu, na mkondo ukamchukua huku mashavu yake yakifunguka na kufunga polepole. Sijaisahau alasiri ile.

Idara ya wanyamapori ya jimbo hili ina utaratibu wake: maji yakifikia nyuzi 73 za Farenhaiti, yaani karibu 23 za Selsiasi, kwa siku tatu mfululizo, uvuvi unaweza kupigwa marufuku kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Wengi hudhani jioni jua likipoa na mto umepoa, lakini maji huchelewa kuachia joto, na saa yenye baridi kuliko zote ni alfajiri. Sehemu ya mto huu iliyo baada ya ziwa Ennis, kuelekea bondeni, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ziwa lile ni la kina kifupi na jua hulipasha upesi, ndiyo maana mimi sishuki huko kabisa wakati huu.

Tazameni ndoana hii. Imefungwa manyoya na nyuzi ikafanana na panzi, kwani majira haya panzi huanguka majini kutoka kwenye nyasi za ukingoni, na kile kijino kinachoizuia isichomoke nimekibana kwa koleo. Natumia uzi mnene kuliko kawaida ili nimvute samaki upesi, nalowesha mikono kabla ya kumgusa, na simtoi majini hata kwa ajili yenu watazamaji.

Sasa ni saa tano kasoro, nimepata watatu, na kipimajoto kimepanda hadi nyuzi 19. Ningeweza kuendelea kuvua hadi kifike 20, lakini nimekwisha kukunja mshipi.