Maneno yaliyochuja

Sikuanza na "itifaki imezingatiwa", na sitaisema. Mnacheka, lakini kuna waliokuwa wanaisubiri.

Kila mwaka naulizwa: ile wanayoiita kliche, usemi uliotumiwa mno hadi ukaisha nguvu, Kiswahili chake nini? Mimi nasema maneno yaliyochuja. Doti mpya ya kanga, jina lake unalisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Ifue mwaka mzima, inabaki ya kupigia deki. Msanii naye mnasema kachuja, kwa hiyo neno mnalo. Wafaransa nao hilo lao, kliche, walilitoa kwa wapiga chapa wao: badala ya kupanga herufi moja moja, unamimina madini, unapata bamba la ukurasa mzima. Hakuna anayepanga tena.

Sasa, neno "changamoto". Najua mmeshanisikia, mtanisikia tena. Kijana mmoja wa chumba cha habari aliniletea: "Shule hiyo inakabiliwa na changamoto ya vyoo." Nikamuuliza, vyoo havipo? Vipo. Vimejaa? Hapana. Sasa changamoto gani? Kimya. Nikamrudisha huko huko, nauli nikatoa mimi. Akaja saa kumi, viatu vumbi tupu. Matundu manne, hakuna hata mlango mmoja. Wasichana wanakwenda wawili wawili, mmoja anaingia, mwenzake anasimama nje ameshika kanga. Kanga, jamani! Hiyo ndiyo habari, na changamoto ilikuwa imeikalia. Na mwalimu mkuu aliyempa neno hilo hakuwa mjinga. Changamoto haina mwenyewe, inatokea tu kama mvua. Mlango usiokuwepo una mtu aliyetakiwa kuuleta.

Atasimama mtu aniambie, "Mwalimu, mbona hata methali ni zile zile?" Methali ina kitu ndani yake, unakiona. Haba na haba hujaza kibaba... haya, nani hapa amewahi kushika kibaba? Robo ya pishi! Hakuna? Basi nayo imeanza kuchuja, nakubali, tuendelee.

Nilikuwa na la "mwisho lakini si kwa umuhimu", ambalo ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, na la watangazaji wa mpira, hao wana siku yao. Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali? Wewe wa nyuma, simama, ila ukianza na "napenda kuchukua fursa hii" nakukalisha.