Kudopu Unga wa Bismuthi Feraiti: Kutoka Mizani Hadi Swichi ya Kumbukumbu

Hamjambo, karibuni tena maabarani, hapa Kisumu. Leo tunatengeneza chembe nano za bismuthi feraiti, BiFeO3, na kuzidopu kwa lanthanamu, yaani kuweka lanthanamu kidogo mahali pa baadhi ya bismuthi. Oksidi hii inasifiwa kwa kuwa maltiferoiki, yaani yenye mpangilio wa umeme na wa sumaku kwa pamoja, hata kwenye joto la kawaida la chumba: mpangilio wake wa umeme unadumu hadi kama digrii 830 za Selsiasi, na ule wa sumaku hadi kama 370. Kasoro yake ni kuvuja umeme. Bismuthi hutoroka kama mvuke tanurini, inaacha mapengo ya oksijeni, na mkondo unapata njia. Wengi hukimbilia kuongeza usumaku. Mimi nasema zibeni uvujaji kwanza.

Haya, mizani. Tunataka Bi0.9La0.1FeO3, yaani katika kila viti kumi vya bismuthi, kimoja kikaliwe na lanthanamu. Kwa moli 0.01, pimeni nitrati ya bismuthi yenye maji matano gramu 4.58, ya lanthanamu yenye maji sita gramu 0.43, na ya chuma yenye maji tisa gramu 4.04. Hiyo ya bismuthi nimeizidisha asilimia 5 makusudi, kufidia itakayotoroka. Pimeni upesi na mfunike makopo, maana unyevu wa ziwa hauna huruma. Nitrati ya chuma ikikaa wazi inaanza kulowa, na hapo mnapima maji.

Sasa sogeeni karibu muone. Bika hii ina maji matupu. Natia punje chache za nitrati ya bismuthi… mnaona? Maji yamekuwa meupe, na ute umetuama chini. Bika ya pili ina asidi ya nitriki iliyozimuliwa. Punje zilezile zinayeyuka zote na maji yanabaki angavu. Kwa hiyo asidi ndiyo itangulie, halafu bismuthi, lanthanamu, chuma, na mwisho asidi ya tartariki gramu 3. Glovu na miwani mikononi na machoni, kabati la kufyonza moshi liwe linanguruma.

Koroga kwenye digrii 80 mpaka mchanganyiko uwe jeli. Msiongeze moto kwa pupa. Kwa mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,100 maji huchemka karibu digrii 96. Jeli ikianza kukauka itatoa moshi wa kahawia. Huo ni naitrojeni dioksidi, sumu, msiinamie. Saga kinachobaki kwa kinu na mchi, kisha tanuri, digrii 600, saa mbili. Stima ikipotea katikati, wekeni alama kwenye sampuli hiyo na msiichanganye na nyingine.

Unga ukitoka wa kahawia-nyekundu, jaribuni kwa sumaku ya spika kuukuu. Ukiirukia, msishangilie! Usumaku wa bismuthi feraiti ni dhaifu. Unga unaoruka una oksidi ya chuma iliyojitenga. Halafu upimeni kwa eksirei, muone mpangilio wa fuwele kwenye grafu. Unga usiodopiwa una vilele viwili pacha karibu na pembe ya digrii 32. Wenye lanthanamu, pacha hao wanasogeleana, wakielekea kuungana. Kilele kidogo cha ziada karibu na pembe ya digrii 28 ni uchafu.

Lanthanamu inafaa kwa sababu ukubwa wake unakaribia ule wa bismuthi na haitoroki kwa moto, hivyo mapengo yanapungua. Kwa kuwa inakunja fuwele kidogo, pia inavuruga mzunguko wa sumaku wenye urefu wa nanomita 62, ule unaofanya usumaku ujifute wenyewe. Chembe zilizo ndogo kuliko hapo zinasaidia kazi hiyohiyo. Ila mkizidisha lanthanamu, mpangilio wa umeme nao unaanza kupotea.

Kwa swichi ya kumbukumbu, yaani kifaa kinachohifadhi 1 au 0 kwa kubadili ukinzani wake, hesabu inageuka, na hapa ndipo wengi huteleza. Swichi inahitaji mapengo machache ya oksijeni yanayoweza kusukumwa kwa volti. Kalsiamu, yenye chaji 2 mahali pa 3, huyaongeza. Kwa hiyo andaeni unga wa lanthanamu na wa kalsiamu, muwalinganishe. Tandazeni kila mmoja uwe utando mwembamba juu ya kioo kinachopitisha umeme, kwa sababu kidonge kinene kinataka volti nyingi mno. Juu yake wekeni vitone vya rangi ya fedha.

Pandisheni volti polepole kutoka sifuri, mkiwa mmeufunga mkondo usipite miliampea 1, la sivyo utando utaungua. Ghafla mkondo utaruka: ukinzani umeshuka, hiyo ni 1. Geuzeni upande wa volti na ukinzani unarudi juu, hiyo ni 0. Zimeni kifaa, subirini, kisha someni tena kwa volti ndogo. Hali ikiwa ileile, mna kumbukumbu isiyohitaji stima. Rudieni kwenye vitone kadhaa vya utando huohuo, kwa sababu kitone kimoja kinaweza kuwa kimechomeka tu, na grafu yake itafanana kabisa na ya swichi nzuri.